UZI: Ndugu wa Tanga wanadai Katiba mpya. Sisi wa Mombasa tuwaambie nini kuhusu mipaka ya serikali?

Mwana wa Makupa (mwenye uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Kuna ndugu wa Tanga aliuliza hapa barazani swali ambalo tulilipita mbio. Alisema: nyinyi mna Katiba ya 2010, sisi bado tunadai yetu. Lau mngeanza upya leo, serikali mngeiwekea mipaka gani? Swali hilo lastahili uzi wake.

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo serikali naijua kwa karatasi zake: mihuri, tozo, na ilani zinazotoka Ijumaa jioni na kuanza kazi Jumatatu asubuhi. Miaka yote hii imenifunza jambo moja, nami nalishikilia kwa dhati. Katiba isiandikwe kwa kumfikiria kiongozi mwema. Iandikwe kwa kumfikiria yule atakayekuja baada yake, ambaye hatumjui. Kila mamlaka yanayotolewa, papo hapo paandikwe yanaishia wapi, yanakoma lini, nani anaweza kuyasimamisha, na anayevuka mpaka analipa nini. Kifungu kisichojibu hayo ni maneno mazuri ya kusomewa watoto shuleni.

Wengi hudhani Katiba yetu ya uhuru ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Ile ya 1963 ilikuwa na majimbo saba, Pwani likiwa mojawapo, na Baraza la jimbo letu likiongozwa na Ronald Ngala. Kulikuwa na Seneti. Vifungu vilivyolindwa zaidi havikuguswa ila kwa kura za robo tatu ya wabunge na asilimia 90 ya maseneta. Kufuli kubwa kweli kweli, lakini funguo zote walikuwa nazo wanasiasa wenyewe. Novemba 1964 KADU, chama cha upinzani kilichotetea majimbo, ikavunjwa, viongozi wake wakahamia KANU, chama tawala, majimbo yakafa, na hakuna mwananchi aliyeulizwa. 1965 kiwango cha kubadilisha Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge, na mwaka huo huo zikaja sheria za kuwaweka watu kizuizini bila kesi. 1982 nchi ikafanywa ya chama kimoja. 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, na 1988 wakafuatia majaji. Yote hayo yalipita Bungeni kihalali, kwa kura zilizohesabiwa.

Ndiyo maana Kifungu cha 255 cha Katiba ya 2010 nakiona ni bora kuliko sura nyingi zenye sifa zaidi. Ukitaka kugusa haki za raia, muhula wa Rais, uhuru wa mahakama au muundo wa ugatuzi (kugawa madaraka kwa kaunti), lazima uje kwa wananchi katika kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti 47 au zaidi. Na ile njia ya wananchi, ya saini milioni moja, mahakama zilisema ni ya wananchi kweli. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ilianguka Mahakama Kuu Mei 2021, ikaanguka Rufaa Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Upeo ikathibitisha kwamba Rais hawezi kuianzisha njia hiyo. Tazameni Uganda: Katiba yao ya 1995 iliweka ukomo wa mihula, wabunge wakauondoa 2005, kisha 2017 wakaondoa na ukomo wa umri. Na nyinyi wa Tanzania, Ibara yenu ya 98 inawaachia wabunge kazi yote kwa theluthi mbili, hata kwa mambo ya Muungano, ila huko zinahitajika theluthi mbili za kila upande. Wananchi hawamo. Hapo ndipo pa kuanzia.

La pili nalisema kwa uchungu, maana nililiona kwa macho yangu. Agosti 2019 ilitoka ilani kwamba makontena ya Nairobi na bara yapande reli ya SGR na yakatolewe Embakasi, Nairobi. Bunge halikujadili, wala wenye malori, mawakala na wafanyakazi hawakuitwa popote kuulizwa. Ilikuwa karatasi tu. Mlio Changamwe, Miritini na Mariakani mnakumbuka: malori yamepangwa kando ya barabara wiki nzima, mataniboi wamekaa chini ya tela wakicheza karata kwa kukosa safari, mikahawa ya madereva inapika nusu sufuria na bado chakula kinalala. Watu wakaandamana hapa mjini. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa ikaamua kwamba amri ile ilikiuka Katiba, na moja ya sababu ni kwamba umma haukushirikishwa.

Alhamdulillahi kwa hukumu. Lakini hesabuni muda. Hukumu hufuta karatasi; haimrudishii mtu lori lililonadiwa na benki. Kwa hivyo Katiba mpya isitegemee korti za baadaye peke yake. Iseme wazi kwamba amri yoyote ya serikali inayogusa riziki za watu haianzi kazi mpaka itangazwe na sababu zake, muda maalumu upite, na waathiriwa wasikilizwe. Isipofanyiwa hayo iwe si amri tangu siku ya kwanza, na aliyetia saini abebe gharama yeye mwenyewe. Sisi tuna Kifungu cha 226(5), kinachomtaka ofisa aliyeelekeza fedha za umma zitumike kinyume cha sheria afidie hasara kwa mali yake. Mimi ningekipanua kifike kwa anayevunja haki pia, si anayevunja hazina tu.

Nimeandika sana. Leteni yenu.

---

Dereva wa Mariakani

Kaka, umesema kweli tupu. Mimi niliuza pikipiki mwaka ule ili watoto wabaki shule.

Nina swali dogo. Katiba inasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Mbona sisi madereva tukishikwa Ijumaa jioni tunalala ndani mpaka Jumatatu? Nimelala mimi mwenyewe, kwa kosa lililoishia faini ndogo.

---

Wakili wa Tudor

Dereva, pole sana. Jibu limo kwenye Kifungu hicho hicho cha 49. Kinasema saa 24, kisha kinaongeza: saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa korti, au siku isiyo ya korti, basi mtu afikishwe kabla ya siku ya korti inayofuata kwisha. Anayetaka kukutesa anajua kuchagua Ijumaa.

Ndugu wa Tanga, msikinakili kipengele hicho. Mpaka wa serikali usiwe na wikendi. Mahakimu wa zamu Jumamosi na Jumapili ni gharama ndogo ukilinganisha na watu wanaolala mahabusu bila sababu. Na hali ya hatari nayo muipime kwa jicho hilo hilo. Yetu Kifungu cha 58 kimeibana vizuri: siku 14 tu, kuiongeza mara ya kwanza ni theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, zinazofuata ni robo tatu, na kila nyongeza haizidi miezi miwili. Kadiri inavyorefushwa ndivyo kura zinavyozidi kuwa ngumu. Utaratibu huo uchukueni kama ulivyo.

Nisisahau Kifungu cha 22: mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea haki, yake au ya mwenzake, na hatozwi ada ya kufungua kesi hiyo. Bila mlango huo yote tunayoyasema hapa yangebaki kwa matajiri.

---

Kijana wa Kisauni

Mimi sikubaliani na uzi huu, na nasema kwa heshima. Nyinyi mnataka serikali ndogo yenye mikono imefungwa. Sisi huku mifereji haitoi maji. Mama yangu ananunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na ya kisima yana chumvi hata chai haiyafai. Kifungu cha 43 kimetuahidi maji safi ya kutosha. Mimi nataka serikali yenye nguvu ya kuleta maji, si serikali ya kuogopa kivuli chake.

---

Mwana wa Makupa (mwenye uzi)

Mdogo wangu, hoja yako ni nzito, sitaipita kijuujuu.

Sikusema serikali iwe dhaifu. Nimesema iwe na mipaka, na serikali isiyo na mipaka haijawahi kutuletea maji hapa. Ile miaka ambayo Rais alikuwa anaweza kila kitu, Kisauni ilikuwa inabeba mitungi vile vile. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo kuja kwetu kwa bomba lililojengwa zamani, watu wameongezeka mara nyingi, na kati ya chemchemi na mfereji wa mama yako kuna mikono miwili: Katiba imeipa kaunti huduma ya maji, lakini yale maji ya jumla yamebaki na wakala wa serikali kuu. Ukilalamika huku unaambiwa uende kule. Hapo tatizo si serikali kukosa nguvu. Tatizo ni nguvu kugawiwa bila kuandikwa nani anajibu.

Nami nakukubalia jambo moja: sitaki Kifungu cha 43 kiondolewe. Ila nakitaka kiandikwe tofauti. Haki ya kutoguswa, kama kutoteswa, serikali inaitimiza leo hii kwa kuacha tu. Haki ya kupewa inahitaji fedha na muda. Basi Katiba iitake serikali iseme kila mwaka imetenga nini na imefika wapi, na korti iweze kuiuliza. Ahadi bila tarehe imetufunza mengi. Kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge iliandikwa 2010, Bunge likakaa, korti zikaamuru, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Katiba ilikuwa na adhabu, lakini adhabu yenyewe iliwekwa mkononi mwa mtu asiyekuwa na haja ya kuitumia.

---

Kijana wa Kisauni

Nimekuelewa kwa la maji. Lakini bado naogopa kwamba ukiweka vizuizi kila mahali hata daraja halitajengwa. Tutakuwa tunashtakiana tu.

---

Wakili wa Tudor

Mradi ukifuata sheria haukwami. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema ununuzi wa SGR ulikiuka Kifungu cha 227, ingawa Juni 2023 Mahakama ya Upeo iliitengua hukumu hiyo. Hata hiyo 2020 reli ilishajengwa, treni zinatembea, na deni linalipwa. Hukumu ya namna hiyo haimsaidii mlipa kodi.

Na kwa kuwa tumegusa mgawanyo wa kazi, nifungue jambo ambalo kila mtu wa Mombasa analipitia asubuhi. Fungueni Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kwenye usafiri wa kaunti. Kati ya kazi za kaunti zimeandikwa feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa shughuli za meli za kitaifa na kimataifa. Sasa ulizeni: feri ya Likoni iko chini ya nani? Shirika la serikali kuu. Miaka yote tangu ugatuzi uanze 2013. Watu wanasimama pale wamebanana, jua la saa mbili tayari linachoma, gari la wagonjwa limekwama nyuma ya matuktuk, na hakuna diwani wala gavana anayeweza kuulizwa, kwa sababu kila mmoja ana njia ya kusoma mstari ule.

Marekani walijaribu kuziba tundu hilo mwaka 1791: mamlaka ambayo Katiba haikuipa serikali ya shirikisho, wala haikuyakataza kwa majimbo, ni ya majimbo au ya wananchi. Sisi tulifanya kinyume chake: kazi isiyotajwa ni ya serikali kuu. Mimi naona sentensi hiyo moja ndiyo iliyoipunguzia nguvu sura nzima ya ugatuzi.

---

Mama Mahamri

Wanangu, mimi sijui vifungu. Nauza mahamri na viazi karai. Walikuja usiku, wakavunja kibanda changu, wakachukua karai mbili, meza na jiko. Asubuhi nakuta mbao tu. Hakuna barua. Waliokuja hawakumwambia hata mlinzi wa pale wametumwa na nani. Nimezunguka ofisi, kila mlango naambiwa si wao.

Hiyo Katiba yenu inanisaidia vipi mtu kama mimi?

---

Mwana wa Makupa (mwenye uzi)

Shikamoo mama, na pole kwa msiba huo.

Kifungu cha 47 kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na serikali kwa utaratibu wa sheria na wa haki, na hatua ikigusa haki zake ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu kwa maandishi, mama. Maana yake ni kwamba kuvunja bila barua ni kosa lenyewe, hata kama kibanda kilikuwa mahali pasiporuhusiwa. Wakili, tafadhali muonyeshe mama njia ya msaada wa bure.

Na ndugu wa Tanga, mlikumbuke hili: mipaka iwekeeni kila ngazi. Tulipoandika yetu tuliiogopa Nairobi peke yake. Kumbe mwenye nyundo anaweza kuwa wa mtaa wa pili. Ningetaka Katiba iseme hakuna kuvunjwa nyumba wala biashara ya mtu usiku, wala bila ilani yenye jina na saini. Mtaniambia hilo ni dogo mno kwa Katiba. Mimi naona Katiba inayomkinga mama Mahamri itamkinga kila mtu.

---

Bi wa Mji wa Kale

Mwanangu Makupa, umesahau la kwetu. Pwani hii ya maili kumi ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, chini ya himaya ya Waingereza. Oktoba 1963 kulikuwa na makubaliano London, na barua kati ya Kenyatta na Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, kwamba mkiungana na Kenya dini zenu na makadhi wenu watahifadhiwa. Mahakama za Kadhi zikaingia Katiba ya uhuru kwa ahadi hiyo. Wakati wa kura ya 2010 wako waliotaka zitolewe, na makanisa mengi yalipinga. Zikabaki, Kifungu cha 170.

Ninachosema ni kwamba walio wengi nao wawekewe mpaka. Kura ya walio wengi inachagua serikali, haifuti ahadi waliyopewa wachache. Nyinyi mnazungumzia Rais tu. Hata umma ukikasirika unaweza kudhulumu.

---

Wakili wa Tudor

Bi, Mwenyezi Mungu akuweke. Nakuunga mkono kwa mfano mgumu. Oktoba 2010 serikali ilipiga marufuku kundi la MRC, lile la "Pwani si Kenya". Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema marufuku ile ilikiuka Katiba. Wengi walikasirika, nami siungi mkono kujitenga. Lakini Kifungu cha 24 kinaitaka serikali, ikibana haki, ithibitishe kwamba imebana kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Uhuru hupimwa kwa mtu tusiyempenda.

---

Mtanga

Nawashukuru sana ndugu zangu, nimesoma yote na nimeyanakili. Sisi tulikuwa na Tume ya Jaji Warioba ya kuandaa Katiba mpya, rasimu ya pili ikatoka Desemba 2013 ikipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu likaibadilisha, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Hadi leo tuna ile ya 1977, na Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake.

Maswali mawili. Fedha mnazibanaje? Na tukifaulu kupata Katiba mpya, wale maofisa wa zamani tuwafanyeje?

---

Mwana wa Makupa (mwenye uzi)

Kaka Mtanga, 41(7) iondoeni mapema kabisa. Sisi tuna siku saba za kupeleka malalamiko Mahakama ya Upeo na siku 14 za kuamuliwa. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa Rais ulifutwa, na nchi ikaendelea.

Fedha: kodi isitozwe ila kwa sheria, hilo lipo Kifungu cha 210. Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe kila fedha inayotoka hazina, na awe hafukuzwi na anayemdhibiti. Ila sisi tuliacha matundu matatu, yatazameni. Kifungu cha 223 kinairuhusu serikali kutumia kwanza na kuomba idhini ya Bunge baadaye, hadi asilimia 10 ya bajeti. Kwenu iwe kwa majanga tu. Ukomo wa deni tuliuacha kwenye sheria za kawaida, ukasogezwa hadi shilingi trilioni 9 mwaka 2019, trilioni 10 mwaka 2022, na 2023 ukageuzwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa ya deni. Uswisi waliweka breki ya deni ndani ya Katiba yenyewe, kwa kura ya wananchi mwaka 2001. La tatu ni fungu la kaunti. Tunasema angalau asilimia 15 ya mapato, lakini asilimia hiyo inahesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kaunti zinahesabiwa kwa mapato ya miaka iliyopita. Andikeni tarehe: zisipoidhinishwa kufikia siku fulani, zile za Mkaguzi Mkuu zinatumika zenyewe.

Kuhusu maofisa wa zamani, hili msiliache mpaka baada ya kura. Jedwali letu la Sita lilimtaka Jaji Mkuu aliyekuwapo aondoke ndani ya miezi sita, na majaji na mahakimu wote wapigwe msasa upya, yaani wachunguzwe kama wanafaa kubaki kazini. Msasa ulianza, wengine wakabaki, wengine wakaenda nyumbani. Bila hatua hiyo, kesi ya SGR ingesikizwa na mahakama ile ile ya zamani ya kutii simu. Kwa polisi tulikuwa wapole zaidi, na matokeo Dereva wa Mariakani ameshayaeleza. Ratiba ya msasa wa kila idara, na tarehe zake, iwekeni ndani ya rasimu yenyewe kabla haijatoka mikononi mwa tume, kwa sababu ikishafika kwa wabunge, wale wanaopaswa kupigwa msasa watakuwa tayari wameshawapigia simu.